Mwashi Aliyefutwa Pichani

Mtaani walimwita Macho Manne kwa sababu ya miwani yake mizito. Sifa yake kubwa enzi za studio za picha ilikuwa kufuta pichani kisichotakiwa. Kovu, chunusi, mume aliyekwisha kuachwa: alikwangua filamu kwa ncha ya wembe, akagusagusa kwa brashi nyembamba, na ungetafuta alama mpaka macho yakuume. Aliringa sana kwa hilo.

Sasa ufundi wenyewe ulikuwa ukimtokea puani. Shule ilikuwa ikiandaa kibao cha majina ya waliojenga darasa la kwanza, na kamati ilikata shauri kufuata picha ya wajenzi iliyotundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Binti wa mwashi mmoja akaja kulalamika kwamba baba yake ndiye aliyepandisha kuta zile, na hayumo. Macho Manne alijua fika kwa nini hayumo. Mwashi aligombana na mwenyekiti wa ujenzi juu ya saruji iliyokuwa ikitoweka, mwenyekiti akaenda studio, akaagiza mtu yule atolewe pichani. Macho Manne, kijana wakati huo, hakuuliza hata swali moja. Kwa siku mbili kazi ikawa imekwisha, na mahali pa mwashi pamechorwa ukuta.

Basi akapiga moyo konde, akafuatana na yule binti mpaka kwenye kamati, akakiri yote mbele ya watu ambao harusi zao alizipiga yeye. Wakaipeleka picha dirishani. Wakaitazama kwa kioo cha kukuzia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatikisa kichwa.

“Mzee wetu,” katibu akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, “hapa hakuna mtu. Ni ukuta tu. Picha haidanganyi.”

“Inadanganya. Niliifundisha mimi.”

Wakataka filamu. Filamu ndiyo hiyohiyo aliyoikwangua. Wakataka shahidi mwingine, na wote waliosimama pichani walikwisha kufariki. Katibu akamshukuru kwa kufika, akasema uzee una mambo yake, kisha wakaingia kujadili rangi ya kibao. Macho Manne alitoka na hasira, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Laiti angekuwa fundi mbovu!

Nje barazani binti hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alimweleza kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na nyumbani kwao haikubaki hata picha moja.

“Basi, baba, tuachane na kibao,” akasema. “Wewe ulimwona. Alikuwa anafananaje?”

Macho Manne akavua miwani. Siku mbili nzima uso ule ulikuwa chini ya kioo chake, karibu kuliko pua yake mwenyewe. Akautafuta akilini. Akatafuta masharubu, macho, hata kofia.

“Sikumbuki, mwanangu,” akasema hatimaye. “Uso wake haukunipa taabu. Kilichonisumbua ni ukuta.”