Yuko Kalinzi Anakunywa Chai

Nilimwongopea bibi kizee aliyekuwa anamsubiri binti yake barabarani. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukanipenda njiani halafu mwishoni ukajiona umetapeliwa.

Najua utauliza: wewe Sadi una umri gani wa kuniita mimi mwanangu? Kidato cha tatu, ndevu zenyewe mpaka uwashe tochi. Ni kweli. Nasaha ni kazi ya wazee, na wazee wa Ujiji wanazo za kutosha, wanakupa hata kama hujaomba, hata kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Lakini hii hawana. Hii ninayo mimi, na nikisubiri mpaka nizeeke ndipo niitoe, nitakuwa nimeshaipamba ikawa hadithi tamu. Bora uichukue sasa, ingali inauma.

Siku yenyewe naikumbuka kwa baridi. Ulikuwa mwaka ule watu wa Burundi walipokuwa wanavuka kwa wingi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu kupitia milima ya Manyovu. Mjini tuliwazoea upesi kuliko ilivyostahili. Mtu anapita na godoro kichwani, mtoto mgongoni, sisi tunaendelea kubishana habari za mpira.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kaka yangu Amisi, mwenye bodaboda, alikuwa amelala na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinaongea. Mama anauza dagaa, na alikuwa na gunia la kupeleka Manyovu kwa mteja wake ambaye alishapiga simu mpaka tukaanza kuificha. Nikajitolea. Leseni sina. Kofia ngumu ilikuwa ya Amisi, na Amisi ana kichwa cha kutosha watu wawili, kwa hiyo nikigeuka kulia yenyewe inabaki inaangalia mbele.

Kabla sijatoka Amisi akaniita chumbani.

"Sikiliza, dogo. Ile njia siku hizi ina watu wanaotafutana. Watakusimamisha. Sisi bodaboda ndio wanaotuuliza, maana tunapanda tunashuka, tunaona nyuso. Ukiulizwa mtu, kama umemwona, sema umemwona wapi. Kama hujamwona, sema sijamwona. Basi. Usiongeze chumvi."

"Sawa, mheshimiwa diwani."

"Sadi, sitanii."

"Na homa hiyo utataniaje?" nikasema, nikatoka.

Nilitoka nyumbani Katubuka jua halijachomoza vizuri. Mwandiga nikajaza mafuta, nikashika njia ya milimani. Ukiacha Mwandiga barabara inaanza kupanda, na lile joto la ziwani unaliacha nyuma kama shati ulilovua. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba. Kalinzi nikapita bila kusimama: mibuni imelowa, moshi wa kuni unatambaa chini kwa chini. Kando ya barabara watu walikuwa wanashuka, kundi baada ya kundi, kimya. Wengine walininyooshea mkono nisimame. Nikawapungia kama mgombea wa ubunge. Nilijiona mchekeshaji sana.

Mbele ya Kalinzi, kwenye mpando mkali, pana maji yanayotoka kwenye mwamba pembeni ya barabara. Magari yakichemsha husimama pale kuchota, na akina mama huuza ndizi mbivu. Nikasimama ili injini ipoe. Kweli injini ilikuwa ya moto, lakini na binti mmoja muuza ndizi, Editha, alikuwa ameniangalia kwa namna ya kunicheka. Akaniuliza, "Hiyo kofia umeazima au imekuazima wewe?" Nikajua nimepata mwenzangu.

Tulikuwa bado tunarushiana maneno bibi yule akaja. Alikuwa amekaa juu ya furushi lake karibu na maji, kajifunika nailoni. Alikuwa mfupi, miguu imevimba kwa kutembea.

"Amahoro, mwana wanje," akanisalimu.

Kirundi na Kiha vinasikilizana, na mimi nimekua na Waha, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Shikamoo yangu nikampa. Akanieleza kwamba alipotezana na binti yake usiku, kwenye mvua, huko mpakani. Binti anaitwa Joselyne, amevaa kitenge cha njano, ana mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa wameshakubaliana kabla hawajaondoka kwao: wakipotezana, atakayefika kwanza penye maji ya barabarani asimame hapo, asiondoke hata akifukuzwa. Amekaa. Amelala hapo. Lakini sasa ameingiwa na wasiwasi kwamba pengine binti alishapita gizani. Mimi natoka chini, je, nimemwona?

Sikuwa nimemwona. Neno lenyewe ni moja tu.

Lakini kwetu, mwanangu, bibi na mjukuu ni watani. Bibi yangu mzaa mama ananiita mume wake, ananidai kanga mbele za watu, na mimi namwambia nimeshaoa kijana zaidi yake. Kila bibi nikimwona, ulimi wangu unajiandaa wenyewe. Na Editha alikuwa anasikiliza.

"Nimemwona, bibi," nikasema. "Yuko Kalinzi anakunywa chai. Na chapati mbili. Mtoto ameshamwaga kikombe, mwenye mgahawa anafoka."

Nikamkonyeza Editha. Akajiziba mdomo na ncha ya kanga.

Nilidhani bibi atanipiga kibao cha mgongo, aseme mjinga wewe, tucheke. Nani angekaa kula chapati mama yake akiwa amelala kwenye mvua? Uongo ulikuwa mkubwa, unaonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Lakini yeye hakuwa nyumbani kwake na hakuwa bibi yangu. Aligeuka, akabeba furushi. Wakati huohuo ikawa inashuka pikapu ya kabichi, akainyooshea mikono yote miwili, ikasimama.

Hapo nilikuwa na muda. Wanaume wawili walimsaidia kupanda, furushi likaanguka, wakaliokota. Kusema "bibi, natania" kusingezidi pumzi moja. Lakini Editha alikuwa bado anacheka, na nilikuwa natafuta wa kumchekesha tangu Mwandiga. Pikapu ikaondoka.

"Wewe, kweli umemwona?" Editha akauliza.

"Nimwone wapi?"

Akaacha kucheka. Mimi nikawasha pikipiki.

Manyovu nikashusha gunia, mteja wa mama akanipa ugali na maharage, nikala. Nakuambia ili ujue: nilikula nikamaliza. Bado sikuwa na habari.

Narudi, sijafika mbali, mwanamke kijana akaingia katikati ya barabara na kusimama. Kitenge cha njano. Mgongoni mtoto amefunikwa mfuko wa nailoni.

"Kaka, nisaidie unifikishe penye maji," akasema. Alikuwa anajua Kiswahili kidogo, cha sokoni. "Pesa sina. Mama yangu ananingoja pale. Atakupa baraka."

Mwanangu, kuna baridi ya mlimani na kuna nyingine.

"Una uhakika yupo?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Tulikubaliana. Yule hata ukimchoma moto haondoki."

Nikampakia. Njia nzima alikuwa ananizungumzisha begani. Mtoto alikuwa na homa, ndiyo maana alichelewa, amekaa zahanati wakampa dawa. Mama yake mbishi. Mama yake ataanza kumgombeza kabla ya kumsalimu. Alikuwa anacheka, akinishika koti. Mimi nikawa naendesha polepole, naomba tairi lipasuke, naomba mlima uongezeke.

Pale penye maji palikuwa na mahali pakavu, ukubwa wa mtu aliyekaa. Editha alipoona kitenge cha njano akasimama, akaacha beseni lake.

"Mama yangu yuko wapi?" Joselyne akamuuliza.

Editha akaniangalia. Angeweza kunitaja. Alisema tu, "Ameshuka Kalinzi na pikapu. Wahini." Akachukua ndizi zake, karibu nusu ya beseni, akamfungia Joselyne kwenye kanga aliyojifunga, akabaki na sketi ya shule. Pesa hakuuliza. Nilipokuwa nawasha akaninong'oneza, "Na mimi nilicheka, Sadi." Tangu siku ile sijamwona tena akiuza pale.

Tukashuka. Nilikuwa nasimama kila penye watu: wanaoponda kokoto, wanaopanga nyanya, kijana anayeuza petroli kwenye chupa. Mmemwona bibi mwenye furushi, kwenye pikapu ya kabichi? Kila mmoja alifikiri kwanza, halafu akajibu. Waliomwona walisema tulimwona, pikapu inashuka. Ambao hawakumwona walisema hatujamwona. Hakuna aliyeongeza kitu.

Kalinzi tukakuta mwenye mgahawa wa kwanza anamwaga maji ya vyombo.

"Bibi wa Kirundi? Alikuwa hapa," akasema. "Maskini. Kila mgahawa alikuwa anaingia, anainama kutazama watu waliokaa na vikombe. Nikamwambia mama, kaa upate chai, akakataa. Anasema kuna kijana wa pikipiki mwenye kofia kubwa amemwona binti yake hapa anakunywa chai. Amezunguka mpaka wenyewe tukaona huruma. Lilikuwa limesimama basi linalopeleka wakimbizi kambini. Wakamwambia pengine binti yako alipanda la mbele. Akapanda."

Halafu akaitazama kofia yangu. Joselyne naye akaitazama.

Sikuwa na utani wa kutosha siku ile.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namtania."

Hakunipiga. Hakunitukana. Mtoto alianza kulia, akamhamishia kifuani, akamnyonyesha amesimama hapohapo. Kisha akapanda tena pikipiki, maana hapakuwa na nyingine. Ila hakushika koti langu. Alishika chuma cha nyuma.

Mvua ikatukuta kwenye mteremko. Mwandiga, pale barabara ya Kasulu inapoachana na yetu, wakatuambia mabasi yameshapita yote, na kambi si moja, kila basi na kambi yake, wala hawakujua lipi lilikwenda wapi. Tukaifuata barabara ya Kasulu mpaka pikipiki ikaanza kukohoa, mafuta yanaisha, mtoto anawaka homa, giza linaingia. Nikageuza. Nikampeleka nyumbani, maana nilikuwa sijui mtu mwingine wa kumpelekea ila mama yangu.

Mama hakuuliza kitu kwanza. Alimpokea mtoto, akachemsha maji, akampa Joselyne kanga kavu, akamlaza kitandani kwake. Asubuhi akafunga biashara yake, akaenda naye mwenyewe mpaka kwenye gari la kambini. Alirudi jioni peke yake. Joselyne alikuwa ameahidi kwamba wakikutana atatuma salamu kwa bodaboda yeyote anayeshuka Kigoma. Amisi alipopona akawaeleza wenzake wote. Mpaka leo kila akirudi namuuliza, "Hakuna salamu?" Ananijibu kama anavyojibu wote: "Hakuna." Haongezi chumvi.

Sasa nasaha, mwanangu, maana wazee hawakuachi bila kukukalisha chini. Utani na bibi yako ni wa nyumbani, ameshiba, anajua watoto wake wamelala wapi. Mtu anayetafuta mtu wake usimtanie. Hana nafasi ya utani, amejaa. Akikuuliza na hujui, sema sijui, hata kama uso wake utaanguka mbele yako. Utaanguka, lakini atabaki amekaa pale alipoahidi kukaa. Na kama mdomo wako umeshakutangulia, kama wangu, ufukuzie hapohapo gari likiwa bado linapakia. Usione aibu ya kuonekana mjinga mbele ya binti wa ndizi. Ujinga wa dakika moja unasameheka. Mimi niliuogopa huo, nikapata mwingine ambao sijui nitaupeleka wapi.

Mungu akupe ulimi mzito panapotakiwa uzito. Akukusanyie watu wako wote nyumbani jioni, pasikosekane hata mmoja. Na kama siku moja watapotea uwatafute, akupitishe kwa watu waliokuzidi umri na waliokuzidi akili, asikupitishe kwangu.

Limebaki neno la mama. Usiku ule, Joselyne ameshalala, mama alinikalisha jikoni akaniambia nieleze yote, nisiruke. Nikaeleza. Akaniuliza, "Ulipomwambia hivyo, yule mama alifanyaje?"

Hili hata wewe nilikuwa nimekuficha. Nikamwambia kwamba bibi alipiga makofi. Kwamba alinishika kichwa, na kofia yangu yote, akasema urakoze, urakoze, asante, asante, akamwita Mungu, na jinsi alivyokuwa anacheka meno yake machache yote yalionekana.

Mama aliyafukia makaa kwa majivu. Ndipo akasema:

"Ungemtukana, Sadi, ningekuchapa tukamaliza. Lakini wewe ulimfurahisha. Mimi sina fimbo ya hiyo."