Nyumba Iliyokatiwa Bima Nusu

Mafundi wenzake walimwita Timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Kuta zake hazikupinda, na bei yake nayo haikupinda. Ukimwita akuzibie ufa, atauzunguka ukuta wako polepole, ataugongagonga kwa mpini wa mwiko, halafu atakutajia: saruji hivi, mchanga hivi, ufundi hivi, kibarua wa kuchanganya zege hivi. Ukijaribu kumpunguzia kwenye ufundi, anavaa kofia yake. "Mikono yangu sikuiokota," atakwambia, na hapo yuko getini tayari.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani akiketi kuikadiria nyumba yake mwenyewe hakuna kitu kitakachompita. Wapi! Mganga hajigangi.

Nyumba yenyewe waliijenga wawili, yeye na mkewe, jioni baada ya kazi za watu na siku za mapumziko. Yeye alipanga matofali. Mkewe alichekecha mchanga, akachanganya zege, akapanda mlima na ndoo kutoka bombani, kitindamimba wao akiwa mgongoni. Saruji ikikauka haraka hupasuka, kwa hiyo ukuta mpya lazima umwagiliwe maji asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Timazi alipoamka alizikuta kuta zimeshalowa. Hakuuliza nani kazilowesha. Labda alidhani ni umande.

Watoto walikua, wakaondoka, na binti yao mkubwa ndiye aliyewashawishi wakate bima. Wakala wa bima alikuja mwenyewe nyumbani, msichana mwenye viatu vilivyojaa vumbi na mkoba mzito kuliko yeye. Alikagua vyumba, akapima kwa futi, kisha akaketi sebuleni na Timazi.

"Mzee, hapa nataka gharama ya kuijenga upya nyumba yote, kama ingeanguka leo," alisema. "Siyo bei ya kuiuza. Na kiwanja usikihesabu, kiwanja hakiungui. Vifaa na kazi tu."

Timazi akataja. Matofali, nondo, mbao, mabati, milango, hata misumari hakuisahau. Msichana akaandika.

"Na ufundi?"

"Fundi si ndiye mimi? Sasa nijilipe mwenyewe?"

"Na vibarua je, mzee?"

Mkewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia na sinia la chai. Timazi akamnyooshea kidole huku anacheka. "Kibarua wangu ndiye huyo. Huyo hana bei, binti yangu. Ni wa bure."

Alicheka peke yake. Wakala alimtazama mama wa watu. Mama akaweka sinia mezani, akaugeuza mkono wa kikombe uelekee kwa mgeni, akatoka.

"Lakini mzee," msichana akasema kwa sauti ya chini, "tukiandika pungufu, siku ya hasara mtalipwa pungufu. Atakayekuja kujenga siku hiyo si wewe wa zamani. Ni mafundi wa kulipwa."

"Binti yangu, mimi nimeanza kujenga wewe hujazaliwa."

Na nisimsingizie, hakukuwa na kiburi tu. Nyumba ikiandikwa thamani ndogo, na ada ya mwaka inakuwa ndogo, na hilo lilimpendeza. Rahisi ni ghali, kila mtu anaujua msemo huo, na kila mtu huukumbuka akishalipa. Akatia saini.

Moto ulianzia darini juu ya jiko, mchana kweupe, kwenye nyaya za umeme zilizozeeka. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Alipiga kelele, majirani wakaja na ndoo, gari la zimamoto nalo likafika likiwa limechelewa kidogo tu, na kwa zimamoto hiyo ni sifa. Hakuumia mtu. Lakini jiko lilikwisha, vyumba viwili vya kulala vikaisha, na paa la upande mzima likaanguka ndani. Timazi aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amesimama barabarani, ameshika kikapu cha nguo mbichi, hajui pa kukiweka.

"Usijali, mama watoto," alimwambia. "Tuna bima."

Kampuni ilimtuma mkadiriaji wa hasara, mwanamume mpole mwenye buti na kalamu sikioni. Alipima kuta, akapiga picha, akarudi siku nyingine na majibu. Walimpokea nje, kwenye viti vya kuazima.

"Mzee, nyumba hii kuijenga yote upya ni karibu mara mbili ya kiasi ulichoandikisha. Maana yake uliikatia bima nusu. Kwa hiyo hasara hii tutakulipa nusu yake."

Timazi alitabasamu, akaona amemshika mtu kwenye hesabu. "Kijana wangu, na iliyoungua si nusu? Nyumba haikuungua yote. Bima ya nusu, moto wa nusu. Si inatosha?"

"Haiendi hivyo, mzee. Nusu uliyotuachia sisi haina upande. Imo kwenye kila tofali, na nusu yako nayo imo kwenye kila tofali. Kila kilichoungua tunagawana."

"Na hiyo nusu yangu ni kitu gani? Vifaa nilitaja vyote!"

Mkadiriaji alifungua karatasi zake, japo jibu alikuwa nalo. "Ni kazi, mzee. Ufundi, vibarua, kubeba maji, kuchanganya zege. Pale paliachwa wazi."

Mgeni alipokwisha kuaga, Timazi alimgeukia mkewe akiwa na sauti ya uchangamfu, ile ambayo wanaume huivaa wakishaharibu jambo. "Basi, mama watoto, tutajenga tena. Kama zamani, mimi na wewe."

"Zamani nilikuwa na mgongo," mkewe alisema. "Na zamani nilikuwa nadhani unaniona."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Timazi angepata la kujibu. Kesho yake mkewe alikwenda kukaa kwa binti yao, kwa kuwa pa kulala hapakuwepo, na mtu yeyote angeona ni busara. "Jenga," alimwambia wakiagana. "Ikiisha nitakuja kuiona."

Timazi akaanza kujenga kwa nusu ya fedha na nusu ya nguvu. Chumba kimoja, jiko na sebule. Upande wa pili ukaachwa na kuta nyeusi, bila paa. Alimtafuta kibarua, mama mmoja wa mtaa wa chini mwenye mikono imara. Yule mama alitaja ujira wake wa kubeba maji na kuchanganya zege, na alipoona Timazi anasitasita, akajitwika ndoo yake tayari kuondoka. Timazi akamrudisha, akakubali. Jioni alipomhesabia ujira wake, akaanza kuzidisha kichwani, siku hii moja mara siku zote zile za ujana wao, na hesabu ikamshinda kabla haijafika katikati. Akaona aibu. Hakuwa na wa kumficha aibu hiyo, maana yule mama alishaondoka, lakini alijifunika uso kwa kofia hata hivyo.

Alimpigia mkewe simu mara kwa mara. Mkewe alipokea, alimjulia hali, hata alicheka mambo ya wajukuu. Kuhusu nyumba hakuuliza kitu. Kila mara neno "nisamehe" lilimfika Timazi kooni, likatoka likiwa habari za bei ya mabati. Siku moja akamuuliza, "Dirisha la jiko nilielekeze wapi?"

"Weka unapoona panafaa," mkewe akajibu. "Nyumba ni yako."

Alipomaliza kuezeka alituma ujumbe kwamba pameshakalika. Mkewe hakusema atakuja siku gani. Basi siku moja Timazi alikuwa amepiga magoti, anasawazisha sakafu karibu na jiko, aliposikia nyayo zinakuja na kusimama nje ya mlango wa mbele. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

Aliijua sauti kabla neno halijaisha. Miaka yote waliyoishi pale, mkewe aliingia akiwa anaongea, yuko katikati ya habari iliyoanzia njiani, anavua kilemba huku analalamikia bei za sokoni. Nani hupiga hodi kwake? Timazi akasimama, mwiko mkononi. Akisema karibu, amekubali kwamba huyu ni mgeni. Akinyamaza, anamwacha mkewe nje. Akatafuta neno la tatu, na mtu aliyekuwa na jibu la kila mteja hakulipata.

"Hodi humu ndani," mkewe alirudia, kwa adabu kabisa.

"Karibu," Timazi akasema.

Mkewe akavua viatu, akaingia. "Pole na kazi, fundi," alisema, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mkoba ukiwa mapajani.