Helmeti ya Kiongozi Haiazimwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa baibui jipya na viatu vya kisigino, nikidhani nimeitwa kushona. Kambi, ya kupandisha wageni pikipiki za matembezi, ilikuwa ng'ambo ya mto Pangani, mwendo mfupi kutoka pale pantoni inapokushusha. Wakati huo nilikuwa fundi cherehani na mpambaji wa maharusi pale mjini, mjane mwenye binti aliyekwisha kuolewa. Msimamizi wa Vifaa, Mpemba wa Wete mwenye ndevu nyeupe, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akanipa helmeti na kuniambia niivae. Nikaivaa juu ya ushungi wangu wa hariri. Akaishika kwa mikono miwili na kuizungusha, nayo ikageuka peke yake mpaka macho yangu yakawa ndani ya sponji.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Helmeti imegeuka, kichwa kimebaki pale pale. Ukianguka hivyo, hiyo helmeti itapona, weye hutapona."

"Lakini mie nimeitwa kushona, shekhe."

"Umeitwa kuvisha. Wanawake wanakuja kupanda, wengine wana stara zao, na mie siwezi kuwashika vichwa. Weye umezoea kushika vichwa vya maharusi. Basi shika na hivi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo hata jina haikuwa nalo. Wafanyakazi wenzangu waliniita Bi Helmeti, na mwanzoni nilinuna. Nimestaafu juzijuzi, na vijana wanaoanza kazi hii wameniomba niwaandikie ilivyokuwa. Ninawaandikia, lakini sitawaficha: ninaandika zaidi kwa sababu ya Hatibu, kiongozi wetu wa misafara, aliyepoteza uzima wa kichwa chake kwa jambo ambalo sote tulidhani ni tabia njema. Nitafika kwake.

Pikipiki zile zina magurudumu manne manene, na sisi tuliziita miguu minne. Mgeni akiziona hucheka. Anaona zimekaa imara, hazilali upande kama pikipiki ya kawaida, basi anaamini haziangushi mtu. Hapo ndipo ubaya ulipo. Miguu minne hupinduka, na ikipinduka huja juu yako na uzito wake wote. Msimamizi alinifundisha nisibishane na mgeni kuhusu hilo. Nimvishe tu, na kila ninachomvisha nimwambie kinazuia nini.

Kichwa ndicho cha kwanza. Helmeti nzuri hubana mashavu mpaka mtu akizungumza anajing'ata kidogo. Ukimwambia atikise kichwa, ngozi ya paji la uso iende pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inakwenda na ngozi imebaki, hiyo si yake, hata kama ni mpya na inang'aa. Kamba ya kidevu ipitishe vidole viwili, visizidi. Na helmeti iliyowahi kuanguka kwa kishindo haivaliwi tena hata kama ganda la nje halina alama, kwa sababu lile boflo jeupe la ndani, yaani povu gumu linalokinga fuvu, huwa limekwisha kubonyea, na kazi yake ni kubonyea mara moja.

Upambaji wangu ulinisaidia hapo. Bibi akija na rasta zimefungwa fundo juu ya utosi, helmeti hukaa juu ya fundo kama sufuria juu ya figa. Nilimfungua, nikamsuka upya kwa nyuma chini ya kisogo, huku tunapiga soga. Wenye ushungi niliwashonea vitambaa vya pamba vinavyobana kichwa bila pini, maana pini chini ya helmeti ni msumari, na hariri huteleza. Kanga na ncha za mtandio sikuzitaka kabisa karibu na magurudumu. Baadhi yao walinilalamikia kwamba ninawaharibia picha, nami niliwaambia picha watapiga wakirudi.

Miguuni nilikuwa mkali zaidi. Watu wetu hupenda kupanda na kandambili. Anayejifunza, akiona anapinduka, hutoa mguu nje ajizuie, na gurudumu la nyuma hupita juu ya huo mguu. Kwa hiyo buti lipande juu ya kifundo. Glovu lazima, hasa kwa kidole gumba, kwa sababu mafuta ya mashine ile hukanyagwa kwa kidole gumba cha mkono, pale kwenye usukani, na anayeanza hukibana mpaka kinachubuka. Suruali nzito, mikono mirefu, kinga ya kifua, miwani ya vumbi. Ukimaliza kumvisha mgeni wa Dar hivyo, kwenye joto la Pangani, anakuangalia kama umemkosea. Mpe maji, mkalishe kivulini, usimvue.

Baadaye nilihamishiwa kambi ndogo chini ya milima ya Amani, kwenye njia za mashamba ya iliki na mdalasini. Kule nilijifunza matope. Udongo mwekundu ukinyeshewa huwa sabuni, na miwani huingia ukungu mtu akihema. Wasambaa wa pale walinicheka nilivyotetemeka kwa baridi. Msimamizi alikuja kuniaga huko alipokuwa anarudi kwao Pemba kupumzika. Aliniambia, "Weye mkali kwa wageni, vizuri. Sasa kuwa mkali kwa wenzio. Mgeni akiumia watu watapiga kelele. Mwenzio akiumia watasema ndiyo kazi." Nilidhani ni maneno ya mzee anayeaga.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Pongwe, ambako tulikuwa na uwanja wa kufundishia na njia zinazopita katikati ya mkonge. Meneja wa pale alikuwa mtu wa mjini Tanga, msomi, mpole, mwenye aibu ya kumkatalia mtu. Kiongozi wa misafara alikuwa Hatibu, Mdigo, zamani dereva wa bodaboda. Nimeona watu wengi wakiendesha. Sijaona aliyejua mashine kama yeye, wala aliyewajali wageni kama yeye. Alikulia katika nyumba ambayo mgeni akija huchinjiwa kuku, na watoto wa nyumbani hula mchuzi. Mgeni akikosa glovu, Hatibu alivua zake. Akilalamikia jua, Hatibu alimpa miwani yake. Alikuwa akinisalimia shikamoo tangu kule getini, kabla hata sijamwona uso, na mimi nilimpenda kama mwanangu wa kuzaa.

Ila alinikosesha raha. Zaidi ya mara moja nilimwona anatoka kichwa wazi, helmeti yake iko juu ya mgeni.

"Hatibu, hiyo ni yako. Nimekupimia weye."

"Bi Mwanaisha, mie njia hii naijua kama kitanda changu. Mgeni hajui kitu."

"Kisiki hakiulizi nani anajua njia."

Akacheka, akaondoka. Nikaenda kwa Meneja. Nilimwomba aweke sharti moja tu: helmeti ya kiongozi haiazimwi. Zikipungua helmeti, wapungue wapandaji. Meneja alikunja uso kama mtu anayeombwa kufanya ukatili.

"Hatibu ni mtu mzima, mama. Anataka kumkirimu mgeni, mimi nimkataze ukarimu? Sisi watu wa pwani, tutaonekanaje?"

"Amkirimu kwa madafu, Meneja. Asimkirimu kwa fuvu lake."

Alicheka sana. Alisema ataliangalia. Nilirudia siku nyingine, na nyingine tena, mpaka nikaona ananikwepa akiniona nimeshika helmeti.

Siku yenyewe msafara ulikuwa umejaa. Nilikwisha kuwavisha wote, na stoo ilibaki na helmeti moja ndogo ambayo nilikuwa nimeiweka kando kwa sababu ilidondoka kutoka kwenye gari. Ndipo Meneja akaja na mgeni wake, mama mmoja wa Dar, mwembamba, mwenye kichwa kidogo na adabu nyingi. Hakuwa ameandaliwa. Nilimwomba asubiri wenzake warudi, nimvishe vizuri, aende na msafara wa pili.

"Mgeni wangu asubiri?" Meneja aliniuliza kwa sauti ya chini.

Yule mama mwenyewe alisema hata bila helmeti si kitu, ni karibu tu. Nikasema hapana. Hatibu alikuwa tayari amevua yake. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kwa tabasamu. Nilimvisha, nikamwambia atikise kichwa. Helmeti ilikwenda kushoto na kulia kama ndoo kwenye mti.

"Haimkai," nikasema. "Haitamsaidia yeye, na Hatibu anabaki bila kitu."

"Kaza kamba, mama," Meneja akasema.

Kamba haikazi helmeti kubwa, yeyote aliyefanya kazi hii analijua hilo. Nikaenda kusimama mbele ya mashine ya Hatibu, mikono nikaiweka juu ya usukani. Wageni wengine walikuwa wakitutazama. Yule mama aliinamisha uso. Hatibu akaniinamia sikioni na kuniambia kwa upole, maana hakuwahi kunipandishia sauti:

"Bi Mwanaisha, tafadhali. Unamwaibisha mgeni."

Neno hilo lilinimaliza. Mtu aliyelelewa kwetu unaweza kumtukana akasimama pale pale, lakini ukimwambia anamwaibisha mgeni, hukubali lolote. Nikaondoa mikono yangu kwenye usukani, nikapisha.

Hakukuwa na mwendo wa kasi. Waliokuwa nyuma walinisimulia kwamba katikati ya mkonge yule mama alibaki nyuma kidogo. Hatibu akageuka amtazame kama yuko salama, na gurudumu lake la mbele likapanda kisiki cha mkonge uliokatwa. Mashine ikalala upande na kumtupa, kichwa kikafikia kwenye jiwe. Yule mgeni hakuanguka. Alirudi akilia, na helmeti ya Hatibu ilikuwa imening'inia kwenye usukani wake. Alikuwa ameivua njiani kwa sababu ilikuwa inamfunika macho, na kusema kweli sikuweza kumlaumu, maana mtu asiyeona mbele hawezi kuendesha.

Niliichukua ile helmeti. Haikuwa na hata mkwaruzo. Nilikaa nayo mapajani stoo, nikalia.

Hatibu aliishi. Alilazwa hospitali mjini Tanga muda mrefu, akarudi nyumbani akiwa anatembea kwa kushika ukuta. Hawezi kuendesha hata baiskeli. Kumbukumbu zake za zamani zipo, za bodaboda, za shule, majina ya watu wote wa mtaani. Za jana hazikai. Mkewe anauza vitumbua asubuhi na kumwogesha jioni, na sijamsikia akimlaumu mtu. Meneja alihamishwa. Kabla hajaondoka alikuja stoo, akasimama mlangoni, akaniambia, "Ulinambia, mama." Sikupata raha yoyote kwa kusikia hivyo. Meneja aliyemfuata aliweka lile sharti wiki aliyofika, bila kuombwa, na limeandikwa kwa rangi ukutani, kwa herufi kubwa. Vijana wanaonisoma wanalipita kila asubuhi na nasikia wengine wanaliona gumu, kwamba linawafanya waonekane hawana ukarimu. Waonekane hivyo hivyo.

Sasa nimepumzika. Nimerudi kushona, na mara moja moja naitwa kupamba harusi, ingawa macho yamechoka. Watu hunipongeza kwamba chini ya mikono yangu hakuna mgeni aliyeumia vibaya. Ni kweli, na pongezi hizo hazinipi usingizi. Kazi yangu yote nilijifunza namna ya kumwambia mgeni hapana bila kumvunjia heshima, nikawaambia wengi, wakanielewa, wengine wakanishukuru. Mwenzangu mwenyewe sikuweza kumwambia hapana akasikia. Ninajuta, na najua nitaendelea kujuta.

Humtembelea Hatibu nikienda Pongwe. Hunikumbuka vizuri sana, huita shikamoo kwa sauti ile ile, humwagiza mkewe aniwekee chai. Siku ile ya mkonge haikumbuki yote. Anakumbuka alimpa mgeni helmeti, basi, na hapo pamekatika. Kila nikija huniuliza jambo moja, kwa uso wa mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza.

"Bi Mwanaisha, yule mama wa Dar. Ile helmeti ilimkaa?"

Mimi niliyewatoa watu wazima kwenye msafara kwa sababu ya kamba iliyolegea, niliyewakasirikia mameneja kwa ajili ya nafasi ya vidole viwili, huweka kikombe chini nikamtazama machoni.

"Ilimkaa, mwanangu. Ilimkaa barabara."

"Alhamdulillahi," husema, na kuegemea ukuta akiwa ameridhika.