Mabano Yaliyopotea

Mukabera alikulia Karagwe, na Kiswahili cha huko hakikumtoka hata baada ya familia yake kurejea Gisenyi. Kazi yake ilikuwa kutunza programu za vipimo arobaini vilivyowekwa mabondeni kunusa mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayotoka ardhini na kuua kimyakimya.

Programu zilikuwa kuukuu. Badala ya kuziandika upya moja moja, aliunda programu nyingine ya kuzisoma, kuzichambua ziwe mti wa hesabu, yaani mchoro wa matawi unaopanga kila hatua ya hesabu, kuurekebisha mti huo, kisha kuugeuza tena kuwa maandishi. Kompyuta iliyapokea yote bila kulalamika. Akayatuma kwenye vipimo siku ya Ijumaa.

Kwa siku tatu hakuna king'ora cha kipimo chochote kilicholia. Ofisini wakafurahi. Mukabera alikosa raha. Mabonde yale hayakuwahi kunyamaza hivyo msimu wa mvua.

Jumatatu asubuhi Bahizi, mlinzi wa vipimo vya Cyanzarwe, akapiga simu.

"Dada, mbuzi ine imekufa huku mu bonde. Hata kidonda hakuna. Na mashine yako inasema hewa iko muzuri!"

"Kuna mtu bondeni?"

"Mama Nyiramana anashuka kukata majani."

"Mzuie! Usimfuate, mwite ukiwa huko huko juu!"

Simu ikabaki wazi. Akasikia Bahizi akipaza sauti, kisha upepo tu. Mukabera akafungua maandishi ya kipimo kile. Kwa namba za asubuhi ile, ya zamani yangesema: tisa, toa (tano toa tatu). Jibu saba, hatari. Ndani ya mti mabano hayahitajiki, matawi yenyewe yanaonyesha kipi kitangulie. Lakini programu yake ilipoandika, haikuyarudisha. Tisa toa tano toa tatu: moja, salama. Maandishi halali, maana nyingine kabisa.

"Amepanda, akaanguka hapa juu," Bahizi akasema akihema. "Anapumua, lakini hanijui."

Mukabera aliongeza kanuni ya kurudisha mabano, kisha akaiamuru programu isome upya kila ilichoandika na kulinganisha mti mpya na ule wa kwanza; miti ikitofautiana, programu isimame. Kufika saa saba mchana vipimo thelathini na vitatu vilikuwa vimerekebishwa, na ving'ora kumi na kimoja vikalia kwa mpigo.

Vipimo saba vilivyobaki havikujibu. Akaanza kuwapigia simu wakuu wa vijiji saba vyenye vipimo hivyo, wawazuie watu kushuka mabondeni. Wa tatu hakupokea.