Haya ya Shemeji

Shemeji yangu hajawahi kumkatalia mtu jambo. Ukimwomba kitu, anakuitikia "Haya." Ukimsalimu, haya. Ukimtukana, haya. Kiwandani walimpachika jina la Mzee Haya, na wote walidhani ni mtu mpole kupita kiasi. Upole gani! Mtu alikuwa hasikii, basi.

Kazi yake ilikuwa kujaribu bunduki. Kila bunduki ya kuwindia iliyotoka kiwandani kwetu lazima ipite begani kwake kwanza. Kazi yangu ni kubadilisha mbao za shabaha kule mwisho wa handaki la majaribio. Tulikuwa tunashinda pamoja kutwa, yeye huku na mimi kule, na katikati yetu risasi. Na kwa kuwa amemwoa dada yangu, jioni nako simkosi.

Nyumbani kwao hakukaliki. Dada anaongea na mumewe kwa sauti ya mnadani, hata majirani wanajua nani hajaoga. Tukimwambia akapimwe masikio, anawaka. "Mimi nasikia vizuri. Nyinyi ndio mnanong'ona!" Kitinda mimba wao, binti wa miaka tisa, ameshaujua udhaifu huo na anautumia. Alimwomba baba yake ruhusa ya kulala na mbuzi chumbani. Haya. Asubuhi pazia limeliwa nusu. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini dada hakucheka. Alinivuta jikoni akaniambia, "Huyu na kiburi chake, iko siku ataua mtu."

Kiwandani hakuna aliyejua ila mimi. Bunduki zetu za zamani, zenye chuma kizito na kitako cha mti, zilikuwa zinanguruma mpaka meno yanacheza. Wote tulivaa viziba masikio, wote tulikuwa viziwi mchana kutwa, tunaongea kwa mikono. Anayetaka kwenda kwenye mbao aliwasha taa nyekundu juu ya meza ya majaribio, na mpigaji akiiona anaweka bunduki chini. Mwenye masikio na asiye nayo walikuwa sawasawa. Shemeji alizeekea humo raha mustarehe.

Ndipo ikaja bunduki mpya. Injinia wetu aliitambulisha kama bibi harusi. Kitako si mti tena bali plastiki, na kinavutwa au kurudishwa kulingana na mkono wa mwenyewe. Mtutu umefupishwa, na kwenye ncha yake kimefungwa kiwambo cha sauti, palepale kiwandani. "Dunia nzima inakwenda huko," alisema. "Wateja wanataka wepesi na ukimya." Bunduki ya kimya! Kesho watatuletea jogoo bubu.

Basi tukavua viziba masikio. Na injinia, kwa jinsi anavyopenda mambo mapya, akaing'oa na ile taa. Alisema inachelewesha kazi, na siku hizi tunasikilizana. Anayekwenda kwenye mbao aseme "Naingia," na mpigaji aitikie "Haya."

Haya! Katika maneno yote ya duniani, akachagua hilo! Nilitamani kulia kwa hasira. Wakati wa chakula nilimfuata shemeji, nikasimama mbele ya uso wake ili anisome midomo.

"Shemeji, waambie ukweli. Warudishe taa."

"Taa ya nini? Mimi nasikia."

"Unasikia nini wewe?"

"Haya," akasema, akaendelea kutafuna.

Ningemsemea mwenyewe, lakini angefukuzwa, na machozi ya dada yangemwagikia kwangu. Nikajiwekea sharti: siendi mbele mpaka nione kwa macho yangu bunduki imelazwa mezani. Nilijiona mjanja kweli.

Siku yenyewe ilipofika, bunduki ilikuwa mezani. Nilisema, "Naingia." Alinitazama mdomo, akaitikia "Haya" kwa sauti iliyofika mpaka karakana ya jirani. Nikapita njia ya nyuma ya ukuta, ambako mpigaji haoni mtu, nikafika kwenye mbao, nikaanza kuubandua ule wa kwanza kutokea nyuma. Ubao wa pili, karibu na bega langu, ukatoboka. Mlio wenyewe haukuwa wa kutisha, kama mtu aliyebamiza mlango chumba cha pili. Nilijitupa sakafuni nikapiga ukelele ambao hata mlinzi wa getini aliusikia. Shemeji hakuusikia. Alikuwa anatia risasi ya pili pale fundi mmoja wa karakana alipomrukia mkono.

Baadaye ndipo nilipojua. Alichokisoma midomoni mwangu ni "Nangoja." Alidhani namhimiza apige.

Watu wakajaa. Injinia akashuka mbio, uso umemsawijika, na kwa kuwa ile haya kila mtu aliisikia, lawama zote zikaiangukia bunduki. Imejifyatua yenyewe. Plastiki hii! Kifyatulio chepesi mno! Mafundi wa zamani, waliokuwa na kinyongo na kitako cha plastiki tangu mwanzo, walishaanza kusema walijua. Injinia mwenyewe aliigeuzageuza ile bunduki. Mlango wa shemeji kuponyoka ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Nami nilikuwa nimeshatambaa mpaka karibu na meza, nimeketi sakafuni, vumbi mpaka kichwani, nikimkodolea macho. Nyamaza, nikasema moyoni. Nyamaza tu uone, nitakutoa roho mbele za watu.

Alizungusha macho akasoma midomo ya wote mmoja mmoja. Halafu akanitazama mimi. Akamnyang'anya injinia ile bunduki, akailaza mezani taratibu.

"Bunduki ni nzima," alisema. "Mbovu ni masikio yangu."

Injinia akauliza, "Tangu lini?"

Shemeji alinigeukia nimsaidie. Nikayaunda yale maneno polepole kwa mdomo. Tangu lini. Alifikiri.

"Kitinda mimba wangu ana miaka tisa," alisema. "Sauti yake siijui."

Matusi niliyokuwa nimeyapanga yote yaliniishia. Niliinuka, nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende nyumbani ukamwambie dada hayohayo."

"Haya," akasema.

Safari hii sikukubali. Nilimshika kidevu, nikamgeuza uso, nikamwambia arudie nilichosema, neno kwa neno.