Pasi ya Milcah na Bei ya Stima

Nicodemus aliingia kofia ikiwa bado kichwani, akasimama katikati ya sebule. Milcah akajua mara moja kwamba shemeji yake hakuja kunywa chai.

"Hii bili ya stima ni ya nyumba au ya hoteli?" aliuliza, akiitupa karatasi mezani. "Ndugu yangu alikuachia nyumba, shemeji. Hakukuachia kiwanda."

"Keti kwanza."

"Siketi. Mwezi ujao ikija hivi tena, waya zinakatwa, na wewe unarudi kijijini kukaa na mama. Kuna mfanyabiashara wa kule Bahati anaitaka nyumba hii. Nimemwambia angoje kidogo."

Hayakuwa maneno matupu. Kiwanja kiliandikwa kwa jina la Nicodemus kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na bili zilipitia kwake, ingawa kila jiwe la nyumba lililetwa na marehemu mume wa Milcah, Owino, kwa mshahara wake wa reli. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, mwaka wake wa mwisho, Owino alivuta stima, ya kwanza katika safu yao pale Bondeni. Watu walikuja kutazama glopu tatu zikiwaka, na kwa muda mrefu jina la Owino lilitajwa kanisani kwa heshima. Sasa stima hiyo ikatwe hadharani, mchana, majirani wakihesabu fundi amepanda nguzo mara ngapi? Milcah alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Hakuwa tayari kuwa kichekesho.

Jumatatu alivaa gauni lake la kijivu, akaenda ofisi ya stima. Karani alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, upo kwenye bei ya taa," alisema. "Hakuna ada ya mwezi, lakini kila uniti ni ghali. Ni ya mtu mwenye glopu chache. Ipo pia bei ya nyumba nzima: kila mwezi unalipa ada hata ukikaa gizani, halafu uniti zenyewe ni rahisi. Unatumia stima kiasi gani kwa wiki?"

Milcah alizihesabu glopu zake kimoyomoyo. Hakujua.

"Basi siwezi kukuchagulia," karani alisema. "Ukitumia kidogo, ile ada itakuumiza. Chunguza kwanza, kisha uje."

Alirudi nyumbani uso ukimwaka. Mtu aliyesoma, ameulizwa swali jepesi kuhusu nyumba yake mwenyewe, ameshindwa! Alivuta kiti hadi chini ya mita, akapanda juu yake. Jerop, jirani yake, akamkuta hapo.

"Mama Achola, unaomba au unaiba?"

"Ninatazama. Nenda uwashe glopu zote tatu."

Jerop akawasha. Ndani ya kioo cha mita kulikuwa na kisahani chembamba chenye alama nyekundu ukingoni. Kilizunguka polepole, kama ng'ombe aliyeshiba anayerudi zizini.

"Zima zote. Sasa washa pasi."

Pasi hiyo ilikuwa kazi ya Milcah. Tangu afiwe, alipiga pasi mashati ya makarani na magauni ya waimbaji wa kanisa, na karo ya binti yake Achola ilitoka humo. Waya wake ulitoka kwenye plagi yenye swichi yake, iliyopachikwa kando ya glopu ya jikoni. Jerop alibonyeza swichi, na kile kisahani kikaruka, alama nyekundu ikipita na kupita tena hata jicho lisiweze kuifuata.

"Jerop! Njoo uone!"

Jerop alipanda nusu ya kiti, wakashikana mabega ili wasianguke.

"Yesu wangu," Jerop alisema. "Na haina hata mwanga. Mimi nilidhani kinachokula ni kile kinachong'aa."

"Hata mimi. Nimekuwa nikizima taa jioni na kushona kwa mwanga wa kibatari, eti nabana matumizi."

Wakateremka wakicheka. Milcah akachukua shati la kwanza, akalinyunyizia maji, akalikunja, akaenda uani kukoroga wanga wa kukaza kola. Jerop akapanda tena kile kiti, macho kwenye mita.

"Mama Achola, bado kinakimbia."

"Si pasi imewashwa?"

"Lakini hupigi pasi."

Milcah akasimama na mwiko mkononi. Alikuwa amefundishwa kazi kwa pasi ya makaa, na pasi ya makaa ikishashika moto haiachwi ikapoa, maana kuiwasha upya ni kupuliza hadi machozi yatoke. Kwa hiyo hata hii ya stima aliiwasha asubuhi na kuiacha ikichemka juu ya kigae, akinyunyiza, akikoroga wanga, akipokea wateja na habari zao. Stima ilikuwa inampikia kigae.

"Mimi ni mjinga aliyesoma," alisema, na akacheka tena kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

Wiki ile alibadilisha mwendo. Nguo zote zilinyunyizwa na kukunjwa kwanza. Ndipo pasi ikawashwa, zikapigwa zote kwa mkupuo, ikazimwa. Alisoma namba za mita kila asubuhi na kila jioni. Matumizi yalishuka karibu nusu, lakini kwa kazi yake bado yalikuwa mengi kuliko ya glopu tatu. Alirudi kwa karani mapema, akangoja mlangoni hadi ofisi ifunguliwe.

Karani alipiga hesabu. "Kwa kiasi hiki, hata ukijumlisha ada, bei ya nyumba nzima inakufaa."

"Na jirani yangu mwenye glopu mbili tu?"

"Huyo abaki kwenye bei ya taa."

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia," Milcah alisema, akatia sahihi ya kubadilisha.

Bili iliyofuata kwa bei mpya aliichukua ofisini, akaipeleka mwenyewe kwa Nicodemus. Nicodemus aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Uliacha kazi?"

"Nimeongeza wateja. Njoo nikuonyeshe mita."

Alikuja. Alipanda kiti kile kile, akakifuata kisahani kwa macho huku Milcah akiwasha na kuzima. Aliposhuka alivua kofia.

"Huyu mtu wa Bahati," alisema, "nitamwambia nini?"

"Mwambie nyumba ya Owino ina mwenyewe. Lakini usiende na shati hilo, shemeji. Livue, nilipige pasi."