Manjano kwenye Shimizi

Watu wakiniuliza sayansi nilianza kuipenda lini, nawaambia: siku niliyokalia manjano. Wanacheka, wanadhani natania. Basi na wacheke. Mimi ni mtu mzima sasa, sina sababu ya kusingizia kitu nilichokikalia mwenyewe.

Nilikuwa darasa la nne, shule ya wasichana, si mbali na nyumbani kwetu Kariakoo. Miaka ile ya hamsini mtoto wa kike kufika darasa la nne ilikuwa kazi. Mbele yetu kulikuwa na mtihani: ukifaulu unaendelea na shule ya kati, ukianguka unarudi jikoni kwenu. Na kwa sisi watoto wa pwani kulikuwa na jambo la tatu. Ukivunja ungo kabla ya mtihani unawekwa ndani, unakuwa mwali, na hata karatasi ya mtihani huioni. Ukija kutolewa nje, unatoka na mchumba. Kila tulipofungua shule baada ya likizo tulitazamana nani hayupo, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kichagga, Mkristo, aliyemfuata mumewe mjini. Mume alikuwa mtu wa reli. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na kanga alijifunga vibaya mpaka tukamwonea huruma. Shuleni hapakuwa na chombo hata kimoja cha kufundishia maarifa ya sayansi. Kulikuwa na kabati moja, na ndani yake chaki na panya. Yeye hakulalamika. Alisema, "Vyombo vya somo hili viko jikoni kwenu. Vileteni."

Basi siku ya somo lake tuliingia darasani kama watu wanaokwenda kupika shughuli: huyu na limau, huyu na magadi, huyu na kopo la majivu. Tulitia yai kwenye maji, likazama. Tukakoroga chumvi humo humo, yai likapanda juu. Tuliwasha mshumaa katikati ya sahani ya maji, tukaufunika kwa bilauri. Mshumaa ulizimika, na maji yakapanda yenyewe ndani ya bilauri. Mwenzetu mmoja akapiga ukelele, "Jini!" Mwalimu hakucheka wala hakumgombeza.

"Kama ni jini, labda hatarudia," alisema. "Hebu washa tena tuone."

Tukawasha tena, maji yakapanda tena. Mchana kutwa tulikuwa tunafunika na kufunua, na jini wa watu hakuchoka. Hilo ndilo lililokuwa neno lake kila siku: rudia tuone.

Siku ya manjano tulikoroga unga wake kwenye maji, tukachovya vipande vya bafta nyeupe, vikatoka vya njano. Tukakamulia limau, vikabaki vya njano. Tukagusisha maji ya sabuni, lahaula! Vikageuka vyekundu. Tukarudisha limau, wekundu ukatoweka. Darasa zima lilisimama. Tulikuwa wasichana tuliozoea kuona manjano kwenye mchuzi na samaki, hakuna aliyejua kuwa yana vituko vile. Katika kusukumana ili kila mtu aone, kopo likapinduka kwenye benchi, na mimi nisiye na macho ya nyuma nikakaa. Gauni la shule lilikuwa la buluu iliyoiva, halikuonyesha kitu. Lakini ndani yake nilivaa shimizi nyeupe ya bafta, na maji yalipenya mpaka huko. Nilihisi ubaridi, nikadhani ni maji tu. Nikaenda zangu nyumbani.

Nyumbani ni kwa bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea. Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi, ukumbi katikati na ua nyuma, na vyumba vingine kapangisha. Bibi alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mdomo mwekundu kwa tambuu, na ulimi wake usiombe. Aliniita "mke mwenzangu", maana marehemu babu alikuwa akinitania kuwa mimi ndiye mke wake mdogo. Nguo zangu za shule alifua yeye. Mimi sikuaminiwa na sabuni. Alisema naitumia kama nalipwa kuimaliza.

Jioni ile nilikuwa chumbani nakariri hesabu, nikamsikia anaita. Hakuniita mimi. Alimwita mpangaji wa chumba cha mbele, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupiga watu kofi. Huyo alikuwa kungwi, yaani ndiye aliyewafunda wali wa mtaa wetu. Nikasikia wananong'ona uani, kisha kigelegele! Kimoja, cha pili, wanawake wa nyumba ya jirani wakajibu. Nikatoka mbio nione harusi ya nani.

Ilikuwa yangu. Bibi ameinama juu ya beseni, shimizi yangu mkononi, na nyuma yake, pale pale anapokalia mtu, doa jekundu.

Utasema, bibi mzima aliyepika mchuzi maisha yake yote hajui manjano yakikutana na sabuni? Alijua sana! Doa la mchuzi kwenye kanga alikuwa akilitambua toka mlangoni. Lakini doa la mchuzi hukaa kifuani au kwenye mkono. Nani umemwona anakula kwa kukalia sahani? Macho yake yaliona mahali kabla ya kuona rangi, na alikuwa na mjukuu wa umri ule ule wa kuvunja ungo.

Nilisema. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walinilaumu kuwa nilinyamaza. Nilisema, "Bibi, hayo manjano!" Kungwi akanifunika kanga kichwani akacheka.

"Wote husema hivyo," alisema. "Mwenzio wa nyumba ya pili alisema ni zambarau."

Toka hapo sikuwa na mdomo. Mwali hasemi, mwali hatazami watu usoni, mwali anaambiwa. Nikaingizwa chumba cha ndani kisicho na dirisha la mtaani, nikalazwa kwenye mkeka, na shimizi ikaviringishwa vile vile na sabuni yake ikawekwa chini ya kitanda, kungwi aje aiondoe kwa taratibu zake. Asubuhi nilisikia wenzangu wanapita kwenda shule, wanapiga soga, nami nikawatambua mmoja mmoja kwa kicheko. Nililia mpaka kanga ikalowa. Nililia kwa hasira. Kama ningekuwa nimekua kweli ningesema ndiyo desturi, yamenifika. Lakini kufungiwa kwa sababu ya kiungo cha mchuzi! Iliniuma, jamani, mpaka leo nikikumbuka inanichoma.

Wenzangu ndio waliompelekea mwalimu habari. Akaja mchana mmoja, kavaa gauni lake la kazi na kanga ile ile iliyofungwa vibaya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia yote.

"Hodi. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Umetukuta na furaha."

"Nimeisikia. Hongera." Nikasikia anavua viatu. "Bibi, sikuja kuingilia mila za watu. Kama mtoto amekua, amekua. Naomba tu nione hiyo nguo."

Kungwi alikuwapo, akafoka. Mwanamke wa bara aone nguo ya mwali wa watu? Toba! Nikafikiri basi, kwaheri shule. Kisha nikamsikia mwalimu kwa sauti ile ile ya darasani.

"Siku ile darasani tulimwaga manjano, bibi. Yeye aliyakalia. Sikuambii uniamini. Kamua limau mwenyewe uone."

Nikasikia bibi anainuka, magoti yanalia, anaingia nilipo. Hakuniangalia. Akatoa shimizi chini ya kitanda, akaenda nayo. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, mwali au si mwali. Bibi akakata limau, akakamulia pembeni ya doa. Pale limau lilipogusa pakawa njano. Akakamua pengine, njano. Kungwi akasema ni kiini macho.

"Kama ni kiini macho," mwalimu alisema, "labda hakitarudia."

Bibi akachukua kipande cha sabuni akasugua. Nyekundu. Limau, njano. Sabuni, nyekundu. Nilimjua bibi yangu akivutwa na kitu: alitoa ncha ya ulimi. Akafungua kikopo chake cha tambuu, akachota chokaa kidogo kwa ncha ya kidole, akaipaka pale penye njano. Pakawaka wekundu kuliko pote! Hata mwalimu alisogea.

"Hilo la chokaa sikulijua," alisema mwalimu.

"Hata mimi," bibi alisema, na wote wawili wakacheka. Kungwi alikusanya kanga zake akatoka, akisema amevunjiwa heshima.

Lakini bibi alipokwisha kucheka akaketi. "Vigelegele vimepigwa, mwanangu. Mtaa mzima umesikia. Mchele wa shughuli nimeshauchagua. Mimi niwaambie nini watu?"

Mwalimu akaketi kando yake. Ndipo bibi akasema neno ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, wala hakulisema tena.

"Mimi nilipowekwa ndani nilikuwa chuoni, nasoma Kurani. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nihitimu. Nilipotoka, nilitoka na mume. Sikuhitimu mpaka leo."

Akainuka, akaenda mwenyewe barazani, na shimizi yangu mkononi, aibu gani hiyo! Akawatangazia waliokuwapo na wapita njia kuwa mjukuu wake ni mpumbavu aliyekalia mchuzi, na yeye ni mpumbavu zaidi aliyepiga kigelegele, na mchele upo, atakayetaka pilau aje Ijumaa. Mtaa ulicheka kwa siku nyingi. Mimi niliitwa mwali wa manjano mpaka sokoni. Wauza viungo wakiniona wanaficha magunia, eti nisiyakalie. Nilinuna, lakini nilinuna nikiwa njiani kwenda shule.

Yaliyobaki ni mafupi. Miezi ikasogea, mtihani ukakaribia, mwalimu akawa anatubakiza jioni. Asubuhi moja kabla ya mtihani nilikuwa uani nanawa uso, bibi anafua. Akaniita kwa sauti ndogo. Shimizi ilikuwa mkononi mwake, na juu yake doa dogo jekundu.

"Mlimwaga tena?"

Nilifikiri. Hatukuwa tumegusa manjano tangu siku ile, na tumbo lilikuwa limeniuma usiku. Nikatikisa kichwa.

Bibi akachukua limau dirishani mwa jiko, akalikata, akakamulia juu ya doa. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana. Doa lilibaki jekundu. Akakamua tena, mpaka ganda likaisha maji. Jekundu vile vile. Akaniangalia usoni, nami nikamwangalia, na machozi yakaanza kunitoka kabla hajasema neno. Nilijua safari hii hakuna mwalimu wa kuja.

Mlango wa ukumbini ukalia. Kungwi, na ndoo yake, anakwenda bombani. Alikuwa ameshasamehe, lakini macho yake hayakuwa yamesahau kazi. Akaiona shimizi, akaliona limau, akasimama.

"Mama, na hiyo nini?"

Bibi aliitumbukiza shimizi kwenye povu, akasugua kwa nguvu, wala hakugeuka.

"Manjano," alisema. "Huyu mtoto na shule yake hii! Kutwa kukalia mchuzi."

Kungwi akacheka mpaka ndoo ikamtoka mkononi. Akaiokota akaenda zake, tukamsikia njia nzima anawasimulia wenzake. Bibi alisuuza shimizi, akaikamua, akaianika nyuma kabisa, chini ya kanga zake. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na vipande vya kanga kuukuu vilivyokunjwa vizuri, akanionyesha kwa maneno machache namna ya kuvitumia. Mikono yake ilikuwa bado ina harufu ya limau.

"Mtihani ukiisha nitamwambia kungwi mwenyewe," alisema. "Futa machozi, mke mwenzangu. Vaa, utachelewa."